Mashine ya kufulia chini, kikaushio cha gesi juu: kabla hujailaumu gesi, ifuate hewa

Nguo zimezunguka kwenye kikaushio zaidi ya saa nzima, mashine imelia kuashiria kwamba kazi imekwisha, na jinzi bado ni mbichi kiunoni. Mshtakiwa wa kwanza huwa gesi: pengine haifiki, pengine vali imekufa, pengine moto hauwaki kabisa. Fundi anaitwa, anabadilisha kipuri, siku mbili tatu mambo yanakwenda vizuri, kisha jinzi zinaanza tena kutoka mbichi.

Mara nyingi gesi inasingiziwa. Mashine hizi mbili zilizopandana zinaeleweka vizuri zaidi ukizitazama kama njia moja ya maji. Maji huingia kwenye nguo kule chini. Sehemu kubwa hutolewa hukohuko chini kwa kukamuliwa, na yaliyosalia hutoka juu yakiwa mvuke, yamebebwa na hewa. Kazi ya gesi ni kuipasha moto hewa hiyo, basi. Kinachoyatoa maji ndani ya nyumba ni upepo, na upepo ukikwama, moto uwake utakavyo, nguo hazikauki.

Tuanze na mashine yenyewe, kwa sababu jina la "mashine zilizopandana" hubeba vitu viwili tofauti. Kuna ile inayotoka kiwandani ikiwa mwili mmoja, yenye paneli moja ya vidhibiti katikati na waya mmoja wa umeme. Mara nyingi sehemu yake ya kufulia hujazwa nguo kwa juu, ndiyo maana huwa kuna uwazi kati yake na kikaushio. Kuna pia mashine mbili kamili, zote za mlango wa mbele, zilizofungwa moja juu ya nyingine kwa vishikizo maalumu. Ile ya mwili mmoja huwezi kuitenganisha, kwa hiyo sehemu moja ikifa kabisa unabadilisha zote. Hizi mbili unaweza kuzishusha na kubadilisha moja, mradi vishikizo vipya viwe vya modeli husika. Vya kubahatisha havifai, maana kinachoning'inia juu ya kichwa ni mzigo mzito. Kikaushio ndicho hukaa juu siku zote. Mashine ya kufulia ya mlango wa mbele hubeba vipande vizito vya zege au chuma ndani yake ili itulie inapokamua, na uzito wa namna hiyo mahali pake ni sakafuni. Ile mashine yenye pipa moja linalofua na kukausha humo humo ni jambo jingine kabisa, haitatuhusu hapa.

Kikaushio cha gesi bado kinahitaji umeme. Mashine za aina hii zimeenea zaidi Marekani na Kanada, na huko kikaushio cha umeme hudai soketi maalumu ya volti 240, ilhali cha gesi hutumia soketi ya kawaida ya volti 120. Umeme huzungusha mota, feni na vidhibiti na kuwasha moto. Joto lenyewe hutoka kwenye gesi. Kichomeo cha nyumbani hutoa takriban BTU 20,000 (BTU ni kipimo cha joto) kwa saa, yaani karibu kilowati 6. Hivyo pipa kuzunguka na taa kuwaka hakuthibitishi chochote kuhusu gesi.

Kukausha huanza kwenye kukamua

Hesabu kidogo. Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kunahitaji nishati ya karibu kilowati-saa 0.65, na hakuna ujanja wa kuikwepa. Chukua kilo tano za nguo, kwa uzito wa ukavu. Zikikamuliwa kwa mizunguko 800 kwa dakika, zinaweza kubaki na maji yenye uzito wa karibu asilimia 70 ya uzito wao, yaani lita tatu na nusu. Kwa mizunguko 1,400 hubaki kama asilimia 50, lita mbili na nusu. Hiyo lita moja ya tofauti ingekula dakika kama saba za kichomeo cha kilowati 6 hata kama kingewaka mfululizo bila kupoteza joto popote, na hakuna kikaushio cha namna hiyo duniani. Mota ya chini hulitoa lita hilohilo kwa umeme kidogo sana.

Kwa hiyo ukiona kikaushio kimeanza kuchelewa, zishike nguo zinapotoka chini. Zikiwa zinadondoka maji, kikaushio hakina kosa. Kaguzi zifanyike kwenye mashine ya kufulia.

Sababu ya kawaida ya kutokamua ni mzigo ulioegemea upande mmoja. Mashine za kisasa hupima mtikisiko kabla ya kuongeza kasi, na zikiona hatari hujaribu kuzipanga nguo upya, kisha hukata tamaa na kukamua polepole au kuacha kabisa. Taulo zito likiwa peke yake, au zulia dogo la bafuni, litasababisha hivyo kila mara. Ongeza vitu vingine viwili vitatu vya uzito unaokaribiana. Jambo la pili ni maji machafu kutotoka upesi: mashine haitakamua ikiwa bado ina maji tumboni. Mashine nyingi za mlango wa mbele zina chujio la pampu nyuma ya kifuniko kidogo karibu na sakafu, na humo utakuta sarafu, vifungo, pini za nywele, wakati mwingine soksi ya mtoto. Weka sinia na taulo kabla ya kulifungua. La tatu ni sabuni nyingi. Mashine zinazotumia maji machache zinahitaji sabuni isiyotoa povu jingi, tena kwa kipimo kidogo kuliko mkono unavyozoea kumimina. Povu huzuia pipa kuzunguka kwa kasi, hudanganya vihisi vya maji, na mabaki yake ndiyo chakula cha ule uvundo wa kwenye mpira wa mlango.

Mtikisiko una uzito wa pekee kwenye mashine zilizopandana, maana kila kinachotokea chini huongezeka juu. Weka pimamaji juu ya mashine ya chini kabla hujapandisha ya pili, rekebisha miguu, kisha kaza nati za kufungia miguu hiyo; watu wengi husahau nati. Mashine mpya inayoruka kama imepagawa tangu siku ya kwanza, angalia nyuma: boliti za kusafirishia, zile zinazoshika pipa lisicheze ndani ya gari, pengine hazijatolewa.

Njia ya hewa

Sasa tupande juu. Feni ya kikaushio haipulizi hewa kwenye nguo, inaivuta. Hewa ya chumbani huingia, hupita kwenye mwali wa kichomeo, huingia kwenye pipa, hupita katikati ya nguo, kisha chujio la vumbi la nyuzi, kisha feni yenyewe, halafu hutoka nje kupitia bomba. Mwali na nguo havina ukuta kati yao: moshi wa gesi iliyoungua huchanganyika na hewa ileile inayokausha shati lako. Ndiyo sababu bomba la kikaushio cha gesi lazima lifike nje ya nyumba. Yale makopo ya maji yanayouzwa ili kunasa vumbi la nyuzi chumbani hayafai kabisa hapa, kwa sababu hayanasi kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na harufu. Na ukikuta nguo safi zinanuka kitu cha ajabu, jiulize ni nini kiko wazi chumbani humo. Mivuke ya rangi, vitu vya kuondolea rangi na dawa zenye klorini huvutwa na kupita kwenye moto, na harufu yake huishia kwenye mashuka.

Bomba likianza kuziba, mambo hutokea kwa mpangilio ambao wengi huusoma kinyume. Hewa moto hukosa pa kwenda, joto hujikusanya karibu na kichomeo, themostati ya usalama hulihisi na kukata gesi. Sehemu hiyo ikipoa, moto huruhusiwa kuwaka tena, kisha hukatwa tena. Mwenye nyumba huona kikaushio "chenye moto hafifu". Ukweli ni kwamba moto una nguvu kupita kiasi kwa hewa iliyopo. Dalili yake ni rahisi kuijua: bati la kikaushio linaunguza mkono, chumba kina joto na unyevu, kioo cha dirisha kimetokwa na jasho, lakini nguo bado ni mbichi. Hali ikiendelea, fyuzi ya joto hukatika. Fyuzi hiyo haijirudishi yenyewe, ikikatika imekatika. Kwenye baadhi ya modeli huzima mota, kwenye nyingine huzima moto tu na kuliacha pipa lizunguke na hewa baridi. Fundi anayeibadilisha bila kutazama bomba ameondoa king'ora na kuuacha moto, na mwenye nyumba atamwita tena.

Kupandanisha mashine kunaleta tatizo lake hapa. Tundu la bomba ukutani mara nyingi lilitobolewa karibu na sakafu, kwa mashine zilizokaa ubavu kwa ubavu. Kikaushio kikipandishwa juu, kinywa chake cha kutolea hewa hukaa kama mita moja kutoka chini, hivyo bomba lazima lishuke nyuma ya mashine ya kufulia, kwenye uwazi wa upana wa kiganja. Mtu anasukuma mashine ukutani ili mlango wa kabati ufunge, bomba linabonyea kama karatasi, na hakuna atakayeliona mpaka mashine zivutwe tena. Kama una nafasi ya kuchagua, toboa tundu jipya usawa wa kinywa cha kikaushio. Kama huna, yapo mabomba bapa ya chuma yaliyotengenezwa kwa uwazi mwembamba.

Bomba liwe la chuma, kipenyo cha inchi 4, yaani takriban milimita 100, na ndani liwe laini. La plastiki halitakiwi hata kidogo. Viungo vifungwe kwa utepe wa alumini. Skrubu ndefu zinazochomoza ndani hukamata nyuzi moja, hiyo hukamata ya pili, na baada ya muda kunakuwa na blanketi. Urefu nao una kikomo. Kanuni ya ujenzi wa nyumba inayofuatwa sehemu nyingi za Marekani huweka futi 35, karibu mita 10.7, na kila kona ya nyuzi 90 hupunguza futi 5 kwenye hesabu hiyo, isipokuwa mtengenezaji ametoa kipimo chake. Kona nne, basi, zinakula zaidi ya nusu ya ruhusa. Mwisho wa bomba kule nje uwe na kibati kinachofunguka na kufunga, wala usiwekwe wavu. Wavu wa kuzuia ndege utaziba kwa vumbi la nyuzi kabla ndege hawajafika.

Jaribio lenyewe halihitaji kifaa. Washa kikaushio, toka nje, tazama kibati. Kiwe kimefunguka sawasawa na upepo wa joto ukugonge mkono kwa nguvu. Kikiwa kinapepesuka tu, au kimefunga, umeshapata jibu na hujagusa bisibisi. Wengine hupima kwa kuchomoa bomba nyuma ya kikaushio na kukiendesha hivyo. Kwa kikaushio cha gesi usifanye, maana moshi wote utaingia chumbani.

Chujio la vumbi lisafishwe kila baada ya mzigo. Hilo kila mtu analijua. Lisilojulikana ni kwamba zile karatasi za kulainisha nguo huacha utando wa mafuta kwenye wavu wa chujio, na utando huo hauonekani kwa macho. Lipeleke chujio bombani na ulimwagie maji. Yakipita, ni zima. Yakituama juu ya wavu, hewa nayo inasumbuka hapohapo: lisugue kwa brashi laini na sabuni, lianike, lirudishe likiwa kavu. Mamlaka ya kitaifa ya zimamoto ya Marekani ilikadiria kwamba katika miaka ya 2008 hadi 2010 vikaushio vya majumbani vilianzisha moto kama 2,900 kila mwaka, na sababu iliyoongoza ilikuwa kutosafishwa.

Mashine hizi hufichwa kabatini mara nyingi, na hapo kuna swali jingine: hewa inayotoka inatoka wapi? Kikaushio hutupa nje mita za ujazo kadhaa kila dakika, na kiasi hichohicho lazima kiingie. Mlango wa kabati uwe na matundu juu na chini. Ukitaka kujua kama kabati linakibana, kausha mzigo mmoja mlango ukiwa wazi na mwingine ukiwa umefungwa.

Pale ambapo kosa ni la moto kweli

Njia ya hewa ikiwa safi, nguo zimekamuliwa vizuri, na bado hewa ya ndani ni baridi, ndipo tunakuja kwenye gesi. Kwanza mambo madogo: programu uliyochagua isiwe ile ya kupeperusha nguo bila joto, na koki ya gesi nyuma ya mashine iwe wazi. Mpini ukilala sambamba na bomba, iko wazi. Ukikaa msalaba, imefungwa. Baada ya kuhama au baada ya kufanya usafi nyuma, koki iliyofungwa ni kosa la mara kwa mara kuliko kipuri chochote.

Kisha ni vyema kujua moto huwaka vipi. Vikaushio vya kisasa havina mwali mdogo unaowaka muda wote. Mota ikishashika kasi, umeme hupelekwa kwenye kiwashio, kipande kidogo cha kauri kinachopata moto mpaka kinang'aa. Pembeni yake kuna kihisi cha mng'ao. Kihisi kikipata joto la kutosha hufungua swichi yake, na kufunguka huko kunaelekeza umeme kwenye koili za vali, yaani nyaya zilizozungushwa zinazoivuta vali ya gesi ifunguke. Vali hufunguka, gesi hutoka, hukutana na kiwashio kilicho bado moto, na mwali hushika. Joto la mwali humfanya kihisi abaki wazi. Mwali usiposhika, kihisi hupoa, hufunga, vali hufunga nayo, na mzunguko huanza upya. Usalama wote uko katika huo mnyororo: gesi haiachiwi mpaka kuwe na kitu cha kuiwasha.

Modeli nyingi zina kitundu au kibati cha mbele unachoweza kuchungulia. Zima taa ya chumba, washa kikaushio, tazama kwa dakika chache. Utakachokiona ni kimojawapo cha vitu hivi.

Hakuna mng'ao kabisa: kiwashio kimevunjika, au fyuzi ya joto imekatika, au kihisi kimekufa kikiwa wazi. Ukiona ufa kwenye kauri, umempata mkosaji.

Kinang'aa na kuendelea kung'aa bila kuzima wala gesi kutoka: kihisi kimeganda kikiwa kimefungwa.

Kinang'aa, kinazima, hakuna mwali, kinarudia tena na tena: gesi haifiki, au koili za vali zimechoka. Koili zina tabia inayowapotosha wengi. Zikiwa baridi hufanya kazi. Zikipata joto hulegea. Hivyo moto huwaka vizuri mara ya kwanza, hukatwa na themostati kama kawaida, kisha hauwaki tena mpaka mashine ipoe. Mtu anayekausha mzigo mmoja kwa siku anaweza kukaa nalo muda mrefu akidhani mashine imezeeka tu. Hapa ndipo pa kuwa makini, kwa sababu bomba lililoziba nalo huleta moto wa kukatikakatika. Tofauti iko kwenye kiwashio: koili zikiwa mbovu, kiwashio hung'aa na kuzima bila mwali kufuata, hewa ikiwa imekwama, kiwashio haking'ai hata kidogo mpaka themostati ya usalama ipoe.

Mwali uwe wa buluu. Ukiwa wa njano wenye masizi, zima mashine, funga koki. Sababu moja nzito ni mashine iliyotengenezwa kwa gesi asilia kuunganishwa na mtungi wa propani. Propani kwa ujazo uleule ina nishati kama mara mbili na nusu ya gesi asilia, tena hufika kwa shinikizo kubwa zaidi, kwa hiyo hudai tundu dogo la kutolea gesi. Bila kubadilisha vipuri hivyo, kichomeo hulishwa kupita uwezo wake na kutoa kaboni monoksaidi. Mashine inayotumia gesi ya aina yoyote inastahili king'amuzi cha kaboni monoksaidi karibu na vyumba vya kulala, na kazi ya ndani ya vali mwachie fundi mwenye leseni. Kuchungulia ni haki yako; kufungua njia ya gesi ni suala jingine.

Hitilafu nyingine hazina fumbo. Mota inaunguruma na pipa halizunguki: mkanda umekatika. Mlio wa kukwaruza: vigurudumu vinavyobeba pipa. Haiwaki kabisa: swichi ya mlango, au ile fyuzi.

Kuna hali moja ambayo si ubovu ingawa inafanana nao: kikaushio kinachosimama mapema kwenye programu ya kujipimia. Ndani ya pipa, karibu na chujio, kuna vipande viwili vya chuma vinavyopima unyevu nguo zinapovigusa. Utando ule wa karatasi za kulainisha ukivifunika, mashine huamini nguo zimekauka. Vifute kwa kitambaa chenye siki au spiriti, mashine ikiwa imezimwa. Mzigo mdogo sana nao hudanganya, maana nguo hazivigusi mara za kutosha, na shuka kubwa likijiviringisha huficha ubichi katikati. Hapo weka muda kwa mkono.

Siku ya kuzivuta mashine kutoka ukutani, iwe kwa usafi wa bomba au kwa ukarabati, muwe watu wawili. Chomoa plagi, funga koki ya gesi na za maji, kisha vuta kidogo kidogo huku mmoja akitazama mpira wa gesi usinyooke. Mashine ikibadilishwa, mpira wa gesi nao ubadilishwe. Wa zamani ulishakunjwa na kukunjuliwa. Baada ya kuunganisha, fungua koki na upake maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Mapovu yakikua, pana mvujo. Na ukisikia harufu ya gesi kabla hata ya kufika huko, usiwashe wala kuzima swichi yoyote: toa watu nje, acha mlango wazi, na simu uipige ukiwa mbali na nyumba.